Picha na Video katika Harusi Moja: Mwongozo Kamili kwa Wapigaji wa Nairobi

Harusi nyingi za Nairobi hurekodiwa mara mbili. Mpiga picha amechuchumaa mbele ya madhabahu, mwenzake wa video amesimama begani pake, na wote wawili wameilenga pete ileile. Miezi miwili baadaye maharusi wanapokea albamu inayosema mambo yaleyale ambayo video imekwisha kuyasema. Wamelipia kazi mbili, wakapata hadithi moja.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuuza picha na video kama kazi moja, awe na timu ya watu wawili au wanne. Msimamo wangu ni huu: kabla hujagusa kamera, amua kila tukio litaongozwa na nini. Picha humsimamisha mtu palepale, ukamtazama usoni kwa muda unaotaka wewe. Video ina mwendo na, zaidi ya mwendo, ina sauti. Ukishagawa matukio kwa kigezo hicho, mahali pa kusimama, lenzi na uhariri vitafuata bila mabishano.

Kikao cha kwanza: uliza nani asikike

Maharusi watakuuliza bei na idadi ya picha. Wajibu, kisha nawe uwaulize: "Miaka ishirini ijayo mngependa kumsikia nani akizungumza?" Hapo utasikia habari za nyanya wa Murang'a asiyeweza tena safari ndefu, za mjomba aliyelipa karo ya bibi harusi, za baba ambaye kwa kawaida ni mkimya lakini siku hiyo atasimama na kusema. Andika majina yao. Hao ndio watakaobandikwa maiki, au watakaoombwa dakika mbili pembeni, mbali na spika za dijei.

Uliza pia kama kuna mzazi au ndugu aliyefariki. Picha yake huwekwa mezani au hubebwa na mtu wa familia bila mshereheshaji kutangaza lolote, na usipoambiwa mapema utaipita tu.

Kwa harusi za Kiislamu, iwe South C, Eastleigh au Pangani, panga watu kwanza, vifaa baadaye. Nikaha mara nyingi hufungwa upande wa wanaume bila bibi harusi kuwapo, na usiku wa hina ni wa wanawake peke yao. Timu iwe na mwanamke anayemudu picha na video pia, na mwandikiane ni nani atakayehariri kanda hizo. Ukumbi wa wanawake ukirekodiwa na mwanamke kisha ukahaririwa na mwanamume, ahadi imevunjwa hata kama hakuna aliyegundua.

Mkataba ueleze saa za kazi, malipo ya kwanza na salio, tarehe ya kukabidhi, na kama mnaruhusiwa kuweka kazi mtandaoni. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zimelipwa. Hausemi zimelipiwa nini.

Gawa matukio kabla ya siku

Chukua ratiba ya kamati, andika kando ya kila tukio: picha inaongoza, au video inaongoza. Yule asiyeongoza bado anafanya kazi, ila haruhusiwi kumziba anayeongoza, na anatafuta kitu kingine kabisa.

Ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, inaonyesha vizuri ninachomaanisha. Wanawake kadhaa wanatolewa wakiwa wamefunikwa leso gubigubi, na bwana harusi anatakiwa amtambue wake. Shangazi wanamtishia faini akikosea, wageni wanacheka. Hadi hapo ni kazi ya video: namna anavyositasita, anavyochungulia viatu na kucha, kelele za wanawake akisogea kwa asiyekuwa yeye. Kamera ya video ikae nyuma ya bega lake na irekodi mfululizo bila kukatizwa. Mpiga picha naye amwache bwana harusi kabisa. Asimame karibu na mstari wa wanawake, lenzi ya milimita 85, akingoja leso moja tu, kwa sababu bibi harusi ameshamnong'oneza kwamba atakuwa wa tatu kutoka kushoto. Leso ikiinuliwa, anaupata uso ule kabla haujajipanga kwa ajili ya kamera. Kisha ageuke mara moja kwa mama wa bwana harusi. Mkihariri, video inaijenga hamu na picha inaijibu, wala hakuna aliyerudia kazi ya mwenzake.

Ntheo ya Wakamba na ayie ya Wajaluo, ambazo pia ni sherehe za mahari, zina mtiririko wake. Mtafute mzee mmoja kila upande, umsalimu ipasavyo, umwulize kilele kiko wapi na ni wakati gani kamera zishushwe.

Siku ya kanisa, video iongoze wanawake wanapoimba getini kumtoa bibi harusi, viapo, hotuba za wazazi na maharusi wanapoingia ukumbini wakicheza na wasimamizi. Picha iongoze maandalizi ya asubuhi, nguo na mapambo, kutia sahihi cheti, picha za ukoo, na nyuso za wageni wakati wengine wote wanawatazama maharusi. Harusi ya serikali kwa msajili wa ndoa ni fupi: kamera ya video kwenye staendi kona moja, mtu mmoja na kamera ya picha, basi.

Mipangilio ambayo lazima wote wawili wakubaliane

Umeme wa Kenya ni wa hezi 50, na taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera huona. Kwa hiyo rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Ukitaka mwendo wa polepole, fremu 50 na shata 1/100. Kamera ikiwa imewekwa kwenye mfumo wa fremu 30 na 60, ndipo unapoona mistari myeusi ikipanda ukutani wakati kwaya inaimba. Mpiga picha, akiwa chini ya taa za LED, naye asipandishe shata kupita 1/100 pasipo sababu, na shata ya kielektroniki ya kimyakimya aijaribu kwanza chini ya taa zilezile. Ukimya wake ni mtamu wakati wa viapo, lakini hutia mistari kwenye picha ambayo hakuna programu itakayoifuta vizuri.

Nje ni habari nyingine. Jua la mchana, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ikiwa 100, mwanga sahihi ni takriban tundu la lenzi la f/16 kwa shata ya 1/100. Kanuni hiyo ya enzi za filamu bado inafanya kazi. Mpiga picha anayetaka tundu pana la f/2.8 anapandisha shata hadi 1/3200 na anaendelea. Wa video amefungwa kwenye 1/50, hivyo anahitaji kichujio cha ND, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, kinachopunguza mwanga mara 64. Asipokuwa nacho, atafunga lenzi hadi f/22, na kila hema, kila genereta na kila choo cha kukodi kilicho nyuma ya maharusi kitaonekana wazi kuliko inavyopendeza.

Weupe wa mwanga (white balance) usiachiwe kamera iamue. Nje wekeni kelvini 5600 nyote. Chini ya balbu za njano shukeni pamoja hadi karibu 3200. Mahema yenye vitambaa vya rangi hupaka rangi hiyo kwenye nyuso, na kamera mbili zinazoamua kila moja kivyake zitawapa bibi harusi wawili tofauti.

Kuhusu nyuso zetu: gauni jeupe huidanganya kamera inapopima mwanga, ikapunguza mwanga hadi uso mweusi unazama. Pimia usoni, kisha hakikisha nakshi za gauni hazijafutika. Flashi ya moja kwa moja huacha doa la mng'ao kwenye paji la uso. Mwanga wa dirishani kutoka upande mmoja huipa ngozi nyeusi umbo lake. "Mama, naomba usogee kidogo huku dirishani" ni maneno yenye thamani kuliko lenzi mpya.

Saa za kamera zote na rekoda ziwe sawa hadi sekunde. Asubuhi, kabla ya lolote, kila mmoja apige picha ya saa ya simu moja. Wakati wa kuhariri utataka kujua ni picha gani ilipigwa sekunde ambayo baba alisema neno fulani, na bila hilo utatafuta kwa kubahatisha.

Jambo la mwisho ni umbo la fremu. Picha ya kawaida ni 3:2, video ni 16:9. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikiingizwa kwenye video hupoteza pikseli 625 za urefu wake, karibu asilimia 16. Mpiga picha aache nafasi juu ya vichwa na chini ya mikono kwenye picha anazojua zitaingia filamu. Picha ya ukubwa huo inaweza kusogezwa karibu mara moja na nusu ndani ya video ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) bila kuharibika. Kinyume chake hakifai sana: fremu ya 4K ni megapikseli 8 tu na imepigwa kwa 1/50, kwa hiyo mkono unaosogea umekwisha kuvurugika. Anayekuambia atakutolea picha za albamu kutoka kwenye video anakuuzia ukungu.

Sauti, ambayo wengi huikumbuka wakiwa wamechelewa

Maiki iliyo juu ya kamera ni ya kumbukumbu na ya kulinganisha tu. Viapo vinashikwa na maiki ndogo ya kubandika kwenye koti la bwana harusi. Ibandike upande atakaosimama bibi harusi, chini kidogo ya ukosi, waya ushikwe kwa utepe ndani ya koti usisuguane na kitambaa. Rekoda iwe mfuko wa ndani, kitufe kimefungwa, na simu yake apewe msimamizi. Ifanyeni kazi hii kabla hajatoka nyumbani. Mlangoni pa kanisa kuna watu hamsini wanaotaka kumkumbatia.

Rekoda ya pili iunganishwe kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti ya ukumbi. Nenda kwa fundi wa sauti mapema, kwa adabu: "Kaka, nikupe waya wangu, usinibadilishie chochote, nitapokea tu kile unachotoa." Waya wenye vichwa tofauti uwe nao, maana kila mikisa ina matundu yake. Vilele vya sauti vikae karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Emsii akianza kupiga kelele utashukuru nafasi hiyo. Rekodi kwa 48 kHz, kiwango kinachotumiwa na video. Na hata mikisa ikiwa safi, acha maiki nyingine ukumbini: makofi, vigelegele na "amina" za wageni hazipiti kwenye mikisa.

Mara vyote vikishaanza kurekodi, piga kofi moja kubwa mbele ya kamera. Litakusaidia kuvilinganisha baadaye.

Siku yenyewe

Nyumbani kwa bibi harusi, zima televisheni, fungua pazia, ondoa mifuko kitandani. Mpiga picha afanye kazi kwanza nusu saa, wa video arekodi sauti: mazungumzo ya dada zake, pasi, sala ya mama. Wanawake wakifika getini na leso zao, mbadilishane: video mbele, picha kutoka dirisha la juu au ngazi za nyumba ya jirani, maana kwenye kona za Umoja au Kasarani hutapata nafasi ya kurudi nyuma.

Barabarani usimtegemee mtu. Mtu mmoja wa timu aondoke kabla ya msafara, hasa kama ni Thika Road au Mombasa Road Jumamosi. Afike kanisani, afunge kamera ya pili kwenye staendi, ajitambulishe kwa padre au mchungaji na aulize mipaka: wapi pasipokanyagwa, lini flashi haitakiwi. Kisha kubalianeni: mpiga picha upande mmoja wa ujia, video upande wa pili, hakuna kuvuka katikati wakati wa viapo. Flashi ikipigwa, fremu ya video hukatwa nusu nyeupe, nusu ya kawaida. Iruhusuni bibi harusi akiingia na maharusi wakitoka, wakati wa viapo izimwe. Ukumbini jioni, afadhali mshirikiane taa mbili za LED zinazowaka muda wote, moja nyuma ya wanaocheza na nyingine pembeni. Zinafaa kamera zote.

Picha za bustani ndipo ratiba inapovunjika, kwa hiyo elewa jua letu. Nairobi iko karibu kabisa na ikweta: mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, likipungua au kuongezeka robo saa hivi. Mchana linakuwa utosini, likitia vivuli vyeusi machoni. Na kwa kuwa linashuka wima, mwanga mtamu wa jioni haukai; likishazama una dakika 20 hivi kabla ya giza. Wengi huenda bustanini saa saba au saa nane, wakati mbaya kuliko wote. Kama kamati haibadiliki, tumia kivuli cha miti mikubwa, ndiyo maana Karura na Arboretum hazichoshi, ila ada ya kupiga picha za kibiashara iulizwe na kulipwa kabla ya siku. Chukua dakika 30 tu mchana, kisha uombe dakika 12 nyingine saa kumi na mbili kasoro, hapohapo penye sherehe. Mweleze mshereheshaji mapema, atakulinda.

Dakika hizo 12 zisigawanywe sawa. Video kwanza, dakika nne: maharusi watembee, wazungumze, wasikuangalie. Halafu waambie wasimame walipo, na mpiga picha aingie wakati bado wanacheka. Ukianza na picha watakakamaa na video itakuwa na watu wawili wanaongoja amri.

Julai na Agosti, mawingu ya baridi hutanda asubuhi na mwanga unakuwa laini. Wateja hulalamika, wapiga picha tunafurahi. Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, beba miavuli mikubwa isiyo na rangi. Mvua ya Nairobi ina mdundo mzuri juu ya hema: irekodi dakika moja peke yake.

Droni? Usiirushe bila usajili na idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Kanuni za mwaka 2020 zinataka hivyo, na sehemu kubwa ya Lang'ata, Karen na South C iko jirani na Uwanja wa Wilson. Filamu ya harusi haihitaji paa za mahema kiasi hicho.

Usiku uleule

Video ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa. Kwa kamera mbili na siku ya saa nane mnaweza kurudi na GB mia kadhaa, kwa hiyo msingoje kesho. Nakilini kwenye diski mbili kabla ya kulala, fungueni faili chache kuhakikisha zinacheza, kisha diski moja iende nyumba nyingine. Kadi zisifutwe hadi nakala ya tatu iwe mahali pengine.

Kuhariri: sauti kwanza, picha mwisho

Usifungue video ukaanza kukata. Sikiliza sauti zote, toa dakika nne au tano zilizo na uzito: kiapo, sentensi tatu za baba, wimbo wa getini, dua ya nyanya. Zipange hadi zinaeleweka hata ukifumba macho. Kisha weka video juu yake. Picha ziingie mwisho, mahali pa aina mbili tu. Kwanza, pale video isipokuwa na jambo: baba anasema alivyompeleka bintiye shule kwa baiskeli, na kamera ya video ina sura yake tu, weka picha ya bibi harusi akimsikiliza. Pili, pale unapotaka mtazamaji apumue, baada ya kelele au ngoma.

Picha ikae sekunde tatu hivi, bila kusogea. Kuisogeza kila mara kushoto na kulia kunaonyesha humwamini mpigaji. Na tafadhali, usiweke mlio wa "klik". Picha ya wima usiijazie ukungu pembeni ili ienee fremu. Weka mbili sambamba, au iache ndani ya weusi.

Rangi: maliza kuhariri picha kumi kuu kwanza, ziwe ndizo mfano wa rangi za video. Ngozi ya bibi harusi ndiyo kipimo. Kijani cha nyasi kitajitafutia mahali pake.

Muziki ununuliwe leseni. Wimbo unaopendwa redioni utazimwa sauti mtandaoni, na wimbo wa dijei uliosikika nyuma ya hotuba unaweza kukuletea shida ileile, sababu nyingine ya kuwa na sauti safi ya mikisa.

Albamu inayosikika

Hapa ndipo kazi mbili zinakuwa moja mikononi mwa mteja. Kwenye ukurasa wa picha ya baba akihutubia, chapisha msimbo mdogo wa QR unaofungua sekunde 40 za sauti yake. Tatu au nne zinatosha albamu nzima. Faili ziwe kwenye tovuti yako, na mkataba useme kiungo kitabaki hai hadi lini.

Kabla ya kuweka chochote mtandaoni, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: kukubali kurekodiwa na kukubali kutangazwa ni ruhusa mbili, na kwa watoto ni mzazi anayeamua. Ulizeni kwa maandishi.

Wiki ya kwanza wape picha 30 na video fupi ya wima ya simu, maana jamaa wameanza kuwasumbua. Filamu na albamu zifuate pamoja salio likishalipwa. Juu ya hayo, ongeza folda moja ya sauti tupu, bila muziki wala kukatwa: viapo, hotuba zote, nyimbo za getini. Haizidi GB chache na haikugharimu chochote. Familia hairudi kuiomba ila akifariki mmoja wa waliozungumza, na wakati huo usiwe unatafuta diski.